Maoni yenye namba ya ukurasa: kusoma kitabu cha Kimarekani na kusema ulichokiona

"Nimekipenda sana, kinafundisha" ni sentensi inayoweza kubandikwa kwenye kitabu chochote, hata cha mapishi, na hiyo ndiyo kasoro yake. Maoni ya msomaji huanza kuwa na uzito pale mtu mwingine anapoweza kufungua kitabu kilekile, ukurasa uleule, akakubaliana nawe au akakubishia. Vitabu vya Marekani vina mitego yake katika hilo: matoleo yanayotofautiana, wasimulizi wa kutiliwa shaka, lahaja zilizoandikwa kama zinavyotamkwa, na vitabu vya mambo halisi vilivyoshonwa kwa ufundi wa riwaya hadi mshono hauonekani.

Anza na ganda

Tenga dakika kumi kabla ya sura ya kwanza. Sifa zilizochapwa kwenye jalada la nyuma huombwa na mchapishaji kwa waandishi wengine kabla kitabu hakijatoka, kwa hiyo zihesabu kama matangazo. Ukikuta nukuu ya gazeti yenye nukta tatu katikati, jua kuna maneno yaliyoondolewa hapo, na huenda ndiyo yaliyokuwa na pilipili. Maneno "New York Times bestseller" yanatokana na orodha iliyoanza mwaka 1931, nayo hupima mauzo ya wiki. Kitabu kikiingia kwa wiki moja tu, kitayabeba maneno hayo jaladani maisha yake yote.

Kwenye tuzo, tazama neno lililotangulia. "Winner" ni mshindi. "Finalist" ni aliyefika hatua ya mwisho, na kwa Pulitzer, tuzo maarufu ya uandishi ya Marekani, majina hayo hutangazwa rasmi. Lakini "nominated for the Pulitzer Prize" haina maana kubwa, kwa sababu kitabu huwasilishwa kwa kujaza fomu na kulipa ada tu. Angalia pia kama tuzo ni ya kitabu ulichoshika au ya kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo. Wachapishaji wanajua kuliweka jina la tuzo karibu na jina la mtu badala ya jina la kitabu. Na tuzo yenyewe si msahafu: mwaka 1974 majaji watatu wa Pulitzer upande wa riwaya walichagua kwa kauli moja Gravity's Rainbow ya Thomas Pynchon, bodi ikakataa, na hakuna riwaya iliyopewa tuzo mwaka huo. Mwaka 2012 pia ulipita bila mshindi wa riwaya.

Kisha fungua ukurasa wa hakimiliki, ule ulio nyuma ya ukurasa wenye jina la kitabu. Wengi huuruka, ilhali ndio wenye habari muhimu kuliko jalada zima. Andika mwaka wa kuchapwa mara ya kwanza na mwaka wa nakala yako. Ukiona safu ya namba kama 10 9 8 7 6 5 4 3, namba ndogo kuliko zote ndiyo chapa uliyonayo, yaani hapo umeshika chapa ya tatu. Chapa kwa kawaida haibadilishi maneno. Toleo linaweza kuyabadilisha, na hapo ndipo ugomvi wa bure huzaliwa.

Chukua Black Boy, kumbukumbu za maisha za Richard Wright. Ilipotoka mwaka 1945 iliishia pale kijana anapoondoka Kusini kuelekea Kaskazini, kwa sababu klabu ya vitabu iliyokuwa ikikisambaza ilitaka sehemu ya pili iondolewe. Sehemu hiyo, inayoeleza maisha ya Chicago na jinsi Wright alivyoingia na kutoka katika Chama cha Kikomunisti, ilitoka peke yake mwaka 1977 kwa jina la American Hunger. Kitabu kizima kilichapwa mwaka 1991. Msomaji mmoja atasema kinaishia na tumaini, mwingine atasema kinaishia na uchungu, na wote wawili watakuwa wakweli. Wameshika vitabu viwili tofauti vyenye jina moja. Ukikuta nakala yako ina sehemu mbili, unayo kamili.

Angalia pia maneno "abridged" na "adapted". Yakiwapo, kitabu kimefupishwa au kimeandikwa upya kwa lugha rahisi, na huna haki ya kutoa hukumu juu ya mtindo wa mwandishi.

Penseli na karatasi moja

Kata karatasi iwe na ukubwa wa ukurasa, ikae ndani kama alamisho. Kila noti iwe na vitu vitatu: namba ya ukurasa, maneno yasiyozidi manane, na alama. Alama tatu zinatosha. Alama ya mshangao kwa kilichokugusa, kiulizo kwa unachokitilia shaka, na mkasi kwa unachoona kingekatwa. Lenga noti moja kwa kila kurasa 10 hivi. Kitabu cha kurasa 300 kitakupa noti kama 30, na maoni yako yatatumia tatu au nne tu. Zilizobaki si hasara. Ndizo zitakazokuzuia kuchagua mfano wa kwanza uliokujia kichwani.

Noti nzuri inaonekana hivi: "uk. 41 ? anasema hakujua, uk. 12 alijua." Noti mbaya ni "nzuri!!" au aya nzima iliyopakwa rangi ya njano. Baada ya wiki mbili hutakumbuka rangi hiyo ilikuwa ya nini.

Kwenye kitabu kinachosomwa kwenye simu au kompyuta namba za kurasa hubadilika ukikuza herufi, kwa hiyo andika sura pamoja na asilimia. Kwenye kitabu cha kusikiliza andika sura na dakika, na ukitaka kunukuu, tafuta nakala iliyochapwa kwanza. Sikio haliwezi kukuambia wapi pana mkato na wapi pana nukta, na majina yatakuponyoka: utaandika jina la mhusika kama ulivyolisikia, na msomaji wa kwanza atakusahihisha kabla hajafika aya ya pili.

Ukifika ukurasa wa 50, simama. Andika sentensi mbili: unadhani kitabu kinakwenda wapi, na msimulizi unamwamini kiasi gani. Usizifute hata zikikuaibisha. Tofauti kati ya sentensi hizo na unachofikiri mwishoni mara nyingi ndiyo maoni yenyewe.

Riwaya: nani anasimulia, na ana sababu gani ya kusema hivyo

Riwaya nyingi kubwa za Marekani husimuliwa na mtu ambaye kitabu chenyewe hakikubaliani naye. Ukikosa hilo, umekosa kitabu.

Adventures of Huckleberry Finn ya Mark Twain ndiyo mahali pazuri pa kujipima. Huck ni mtoto aliyelelewa katika jamii yenye watumwa, na amefundishwa kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni wizi na ni dhambi. Anasafiri na Jim, mtumwa aliyemtoroka Miss Watson, na katika sura ya 31 anamwandikia mama huyo barua kumwambia alipo Jim. Akishaiandika anajisikia msafi, ametakasika, anaweza hata kusali. Halafu anaiweka chini na kuanza kukumbuka: Jim akimshikia zamu ya usiku ili yeye aendelee kulala, Jim akifurahi kumwona amerudi kutoka kwenye ukungu. Anaichukua tena barua, anatetemeka, anabana pumzi, kisha anasema kwamba basi na iwe, atakwenda motoni. Anaichana.

Soma tena mpangilio huo. Maneno ya Huck yanasema "mimi ni mwovu", mikono yake inafanya jambo jema kuliko yote kitabuni, na Twain hasemi lolote. Anayeandika kwamba kitabu hiki kinawafundisha watoto kuidharau dini amesoma maneno akaacha mikono. Kwa kila msimulizi wa nafsi ya kwanza, gawanya karatasi katika safu mbili: anachosema juu yake mwenyewe, na anachofanya. Pengo kati ya safu hizo ndiyo sehemu ya kuchimba.

Hilo halina maana kwamba kitabu maarufu hakiguswi. Huckleberry Finn ina sura 43, na kuanzia ya 32 hadi mwisho tuko kwenye shamba la akina Phelps, ambako Tom Sawyer, rafiki yake Huck, anaugeuza ukombozi wa Jim kuwa mchezo wa vitabu vya matukio, ilhali anajua fika kwamba Jim amekwishaachwa huru katika wasia wa Miss Watson. Zaidi ya robo ya sura zote zinakwenda huko. Ukisema mwisho umeshuka, una namba za kuonyesha. Atakayekubishia, naye atasema dhihaka hiyo ni ya makusudi, na mtabishana juu ya kitu kinachoonekana.

Mle ndani mna pia tusi la kibaguzi kwa watu Weusi, zaidi ya mara 200. Mwaka 2011 lilitoka toleo lililoweka neno "slave" badala yake, na ubishi ulikuwa mkubwa. Ukiandika kwa Kiswahili, usilibadilishe kimyakimya kuwa "mtu mweusi", maana utakuwa umemwosha msemaji. Wala usilirushe ovyo ili kuonyesha ujasiri. Sema wazi kwamba ni tusi, sema nani analitamka na kwa sauti gani, kisha endelea na hoja yako. Kiswahili hakina neno lenye historia ileile, na kujaribu kulibuni huharibu zaidi.

Lahaja ni mtego wa karibu na huo. Zora Neale Hurston, katika Their Eyes Were Watching God ya 1937, ana sauti mbili: masimulizi ya Kiingereza cha kifasihi, na mazungumzo ya Weusi wa Florida yaliyoandikwa kama yanavyosikika. "Ah" ni "I", "de" ni "the", "dat" ni "that". Kurasa kumi za kwanza zisome kwa sauti. Sikio litaelewa kabla ya jicho, na ukifika ya kumi na moja utakuwa umezoea. Kuandika kwamba wahusika wanazungumza "Kiingereza kibovu" ni kosa la ukweli, kwa sababu lahaja hiyo ina kanuni zake. Ukitafsiri nukuu, tumia Kiswahili cha mazungumzo chepesi na ueleze kwamba asili yake ni lahaja. Ukimfanya Janie, mhusika mkuu, aongee Kimtang'ata, msomaji atabaki akijiuliza amefikaje Tanga.

Kisha kuna malalamiko makuu ya wasomaji: "kinachanganya." Huenda ni kweli. Lakini kuna kuchanganyikiwa kwa aina mbili, na kipimo chake ni rahisi. Ukigundua jambo ukurasa wa 150, rudi nyuma kurasa 40 uone kama lilikuwa limedokezwa. Likiwapo, mwandishi alikuficha makusudi, na swali lako ni kama kufichwa huko kulilipa. Lisipokuwapo, lalamika kwa nguvu zote. Beloved ya Toni Morrison, iliyotoka 1987 na kupata Pulitzer 1988, itafaulu kipimo hicho karibu kila mahali. Inaanza na namba ya nyumba, 124. Msomaji huipita tu. Baadaye sana ndipo anapogundua kwamba katika mfuatano wa 1, 2, 4 imekosekana 3, na kwamba mtoto wa tatu ndiye aliyekufa.

Sheria iliyo nyuma ya hadithi

Kwa riwaya za Marekani, weka tarehe mbili juu ya karatasi yako: mwaka hadithi inapotokea, na mwaka kitabu kilipotoka. Beloved inaanzia 1873 na ilitoka 1987. To Kill a Mockingbird inaeleza Alabama ya miaka ya 1930 na ilitoka 1960, katikati ya harakati za haki za kiraia. Mwandishi anaangalia enzi moja huku akizungumza na nyingine.

Kisha jiulize sheria ilisemaje wakati huo, kwa kuwa wahusika hawaielezi. Wanaishi ndani yake kama samaki majini. Msomaji wa Beloved huuliza kwa haki kabisa: Sethe, mama aliyetoroka utumwani, amekwishafika Ohio, jimbo lisilo na utumwa, sasa anamwogopa nani? Jibu ni Sheria ya Watumwa Watoro ya 1850, iliyompa mwenye mtumwa haki ya kumfuata hata kwenye majimbo huru na kuwalazimisha maofisa wa huko wamsaidie. Bila sheria hiyo, tendo lililo katikati ya kitabu, Sethe kumuua mwanawe, linaonekana wazimu mtupu. Ukiijua, linabaki la kutisha, ila sasa unajua kilichokuwa mlangoni.

Hivyohivyo The Great Gatsby ya F. Scott Fitzgerald, ambayo matukio yake ni ya kiangazi cha 1922. Kati ya 1920 na 1933 kutengeneza na kuuza pombe kulikatazwa na katiba ya Marekani. Kila bilauri inayomiminwa kwenye karamu za Gatsby imepita mikononi mwa wahalifu, na hakuna mgeni anayeshtuka. Kitabu hakikusimamishi kukuambia hivyo.

Fedha za zamani usizigeuze kuwa za leo. Linganisha ndani ya kitabu. Nick, msimulizi wa Gatsby, anapanga kijumba kwa dola 80 kwa mwezi, kati ya majumba mawili yanayopangishwa kwa dola 12,000 au 15,000 kwa msimu. Uwiano huo unatosha. Mengine ni madogo: nyuzijoto 100 za Fahrenheit ni kama 38 za Selsiasi, "first floor" ya Mmarekani ni chini kabisa usawa wa ardhi, "dime" ni senti 10 na "nickel" ni senti 5.

Vitabu vya mambo halisi husomwa kuanzia nyuma

Fungua mwisho kwanza: tanbihi, faharasa, shukrani, na maelezo ya mwandishi kuhusu vyanzo vyake. Wachapishaji wa Marekani wana desturi ya kuzificha tanbihi nyuma bila namba ndani ya matini, zikiwa zimepangwa kwa ukurasa na maneno machache ya mwanzo wa sentensi. Msomaji hudhani hazipo. Zitafute kabla ya kuandika kwamba mwandishi hana ushahidi.

Chagua madai matatu: moja lililokushangaza, moja ambalo hoja nzima imelisimamia, na moja unalolijua tayari. Fuata tanbihi zake. Zikikupeleka kwenye nyaraka, takwimu za serikali au mahojiano, vizuri. Zikikupeleka kwenye kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, weka kiulizo. Lile unalolijua ndilo kipimo cha uaminifu: akikosea pale unapomwona, hata pale usipomwona punguza imani.

Halafu tazama alama za nukuu. Watu wawili wakizungumza chumbani na mwandishi hakuwapo, maneno yao aliyapata wapi? In Cold Blood ya Truman Capote, iliyotoka kama kitabu mwaka 1966, inaeleza mauaji ya familia ya Clutter huko Holcomb, Kansas, mwezi Novemba 1959. Capote alisisitiza kwamba kila kilichomo ni cha kweli. Inafungwa kwa tukio la makaburini, mpelelezi akikutana na rafiki wa binti aliyeuawa, upepo ukipita kwenye ngano. Makutano hayo hayakutokea. Tukio hilo ni miongoni mwa kurasa tamu kuliko zote kitabuni, jambo linalopaswa kumtia wasiwasi msomaji yeyote: pale kitabu cha mambo halisi kinapopendeza kupita kiasi, kagua.

Mweke kando yake Rachel Carson. Silent Spring ya 1962, kuhusu madhara ya viuatilifu, inaanza na mji wa Marekani ambao ndege wamenyamaza na kuku wanaatamia mayai yasiyoanguliwa. Umebuniwa. Lakini sura hiyo haijaisha kabla Carson mwenyewe hajakuambia kwamba mji huo haupo, ila kila balaa lililotajwa limekwishatokea mahali fulani, na nyuma kuna orodha ndefu ya vyanzo vyake. Wote wawili wamebuni tukio. Mmoja amekuonyesha mshono, mwingine ameuficha. Kosa si kubuni, na maoni yako yaseme hivyo kwa usahihi.

Kwa kumbukumbu za maisha, mazungumzo ya neno kwa neno ya mtoto wa miaka mitano ni ujenzi mpya, na wasomaji wengi wanaukubali. Waandishi makini huwa na noti mwanzoni inayosema majina gani yamebadilishwa na matukio gani yameunganishwa. Ikikosekana, itaje. Sikiliza pia kinachonyamaziwa. Frederick Douglass katika kitabu chake cha 1845 haelezi alivyotoroka utumwani, na sura ya 11 inasema kwa nini: kueleza kungewaponza waliomsaidia na kuwafungia njia waliobaki. Alieleza kwa kirefu mwaka 1881, utumwa ulipokuwa umekwisha. Anayelalamika kwamba Douglass "ameruka sehemu muhimu" hakusoma sura ya 11.

Historia zinazotegemea mahojiano zihukumu kwa idadi na uchaguzi. Isabel Wilkerson, kwa The Warmth of Other Suns ya 2010, alihoji watu zaidi ya 1,200 kuhusu Uhamaji Mkuu wa Weusi kutoka Kusini, 1915 hadi 1970, kisha akasimamisha kitabu juu ya watatu. Swali la maana ni kama hao watatu wanabeba njia tofauti. Mmoja alitoka Mississippi akaishia Chicago, mwingine Florida akaishia New York, wa tatu Louisiana akaishia California. Ndiyo, wanazibeba.

Vile vitabu vya kujiendeleza na biashara, havihitaji muda mwingi. Andika dai kuu kwa sentensi moja, kisha pitia sura na uhesabu ngapi zinaongeza kitu kisichokuwa kwenye sentensi hiyo. Zikiwa mbili kati ya kumi na mbili, kilikuwa makala kikavimba.

Na tenganisha kauli tatu ambazo watu huzichanganya: "sikubaliani naye", "hakuthibitisha", na "amekosea". Ya kwanza ni yako. Ya pili inahitaji ukurasa. Ya tatu inahitaji ukurasa na chanzo kingine.

Kuandika

Maneno 400 hadi 600 yanatosha. Anza na hukumu, wala si muhtasari. Muhtasari uwe sentensi tatu tu, na usivuke theluthi ya kwanza ya kitabu. Kisha ushahidi wa sehemu mbili kwa ukaribu, jambo moja linalopinga hukumu yako, na mwisho kitabu kinamfaa nani.

Haya ni maoni dhaifu: "The Great Gatsby ni riwaya nzuri inayotuonyesha kwamba pesa hazileti furaha. Lugha yake inavutia na wahusika wamechorwa vizuri." Hakuna sentensi ya kubishia hapo. Sasa linganisha na haya:

"Nick Carraway anafunga sura ya 3 kwa kusema yeye ni miongoni mwa watu wachache waaminifu aliopata kuwajua. Sura moja nyuma amelewa New York pamoja na Tom na hawara wa Tom, na Daisy, binamu yake na mke wa Tom, hamwambii kitu. Sura mbili mbele anamwandalia Daisy huyohuyo chai ili akutane na Gatsby, na safari hii asiyeambiwa ni Tom. Fitzgerald hamkemei, anamwacha ajianike. Ndiyo maana siwaelewi wanaomwita Nick dirisha tu la kuwatazamia matajiri. Kinachonisumbua ni Daisy. Gatsby anasema sauti yake imejaa fedha, na kauli hiyo ni kali kiasi kwamba kitabu kinaridhika nayo na kuacha kumchunguza."

Ya mwisho unaweza kuikataa, na utajua pa kwenda kuanza kuikataa.

Jina la kitabu liache kwa Kiingereza, na maana yake itaje mara moja kama inasaidia. Nukuu isizidi mistari miwili au mitatu. Weka tafsiri yako na useme ni yako, pamoja na sura, kwa sababu kurasa hutofautiana kati ya matoleo. Nukuu usiichukue kwenye picha zinazozunguka mitandaoni: Twain na Hemingway wamebebeshwa maneno mengi ambayo hawakuyasema. Usipoipata ndani ya kitabu, iache.

Kwa kitabu cha siri au upelelezi, usitaje mwisho. Kwa kitabu cha miaka 100, ukihitaji mwisho ili kujenga hoja, utaje ila onya sentensi moja kabla. Kitabu ukikiacha njiani, sema umeishia ukurasa wa ngapi kati ya ngapi na kwa nini. Hiyo ni habari halali, mradi usihukumu mwisho ambao hukuufikia. Nyota, kama unazitoa, zitoe baada ya kuandika. Ukianza na nyota, utajikuta unatafuta sababu za kuzitetea.

Kabla ya kutoa, kagua tahajia ya majina ya wahusika yote, mwaka, na kila nukuu neno kwa neno. Kisha tafuta katika maandishi yako "kinavutia", "kinafundisha", "lugha nzuri" na "kinagusa". Mbele ya kila moja weka namba ya ukurasa. Ambayo haikupata namba, ifute.